Ngoma, Waya na Umeme: bendi za rock zilizonyamazishwa na ugonjwa uliokosa jina

SEHEMU YA 1: Nesi na magitaa wapi na wapi?

 Nawaandikia kutoka Simbo, huku huku kwetu mwisho wa reli.

Leo sina somo la uji wa lishe wala chanjo ya surua. Leo nataka tuongelee bendi. Tena sio dansi tu, bali rock, ule muziki wa magitaa yanayonguruma ambao ukipigwa nyumbani bibi anauliza, "Hiyo redio imeharibika?" Mimi naupenda. Nikitoka zamu ya usiku, ndio muziki ninaofulia sare zangu. Najua kuna mama hapa anasema huo ni muziki wa shetani. Sawa, subiri kwanza nikusimulie, halafu utaamua mwenyewe.

Ukiifuatilia historia ya rock ya upande wetu wa Afrika kwa macho ya nesi, unakuta kitu ambacho wapenzi wengi wa muziki wanakipita haraka. Bendi nyingi nzuri hazikufa kwa kukosa mashabiki. Watu wake waliugua, wakakonda, wakazikwa mmoja mmoja, na kwa miaka mingi hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Hiyo ndiyo habari yangu, na inamhusu kila mama mwenye mtoto mgongoni au tumboni. Nitaigawa sehemu tano. Twende pole pole.

Kwanza, kwa wasioujua kabisa: rock ni muziki wa gitaa la umeme, besi, ngoma kubwa na mwimbaji asiyeogopa kupaza sauti. Metal ni mdogo wake rock, ila mzito na mkali zaidi. Na huo uzito una historia ya hospitali. Kule Birmingham, Uingereza, kulikuwa na kijana anaitwa Tony Iommi. Akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gitaa kwa kushoto, kwa hiyo huo wa kulia ndio mkono wa kubonyezea nyuzi. Hakukata tamaa. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole. Baadaye akazilegeza nyuzi zisimuumize, na zile nyuzi zilizolegea zikatoa mngurumo mzito wa chini. Mwaka 1970 bendi yake, Black Sabbath, ikatoa albamu ya kwanza, na wengi wanaihesabu hiyo kuwa ndio mwanzo wa metal. Yaani muziki mnaouogopa ulitokana na majeruhi aliyekataa kuacha kazi yake!

Basi kama jeraha linaweza kuzaa muziki, ugonjwa nao unaweza kuunyamazisha. Tukaone.

SEHEMU YA 2: Mtoto wa Unguja

Wengi mnamjua Freddie Mercury kwa jina, lakini hamjui kwamba ni mtoto wa hapa hapa kwetu. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India, na baba alifanya kazi serikalini enzi za Mwingereza. Akiwa mdogo alipelekwa shule ya bweni huko India, akajifunzia piano huko. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1970 yeye na wenzake wakaanzisha Queen.

Maoni yangu kuhusu albamu zao ni haya, na mnaruhusiwa kubishana. A Night at the Opera ya 1975 ndiyo iliyosukwa vizuri kuliko zote. Humo ndimo ulimo ule wimbo wa karibu dakika sita, Bohemian Rhapsody, ambao waliambiwa redio haitaupiga kwa urefu ule. Ukausikiliza dunia nzima. News of the World ya 1977 ina nyimbo ambazo hata mtoto wa chekechea anazipigia makofi, ila mimi naiona inarukaruka, haina mtiririko. Na wale wanaosema Queen waliisha nguvu miaka ya themanini, nawaambia wasikilize Innuendo ya 1991. Pale ndipo nesi ndani yangu huwa anakaa chini.

Wakati wa kurekodi Innuendo, Freddie alikuwa mgonjwa. Alikuwa na VVU, na wenzake walikuwa wanajua, lakini nje haikusemwa. Kazini kwetu tunaijua hali ya mtu mwenye UKIMWI uliokomaa: pumzi fupi, uchovu, maumivu ya miguu. Halafu unasikia sauti ile, haijapungua hata robo. Baada ya Innuendo aliendelea kurekodi kila alipopata nguvu. Wimbo wa mwisho kabisa aliouingizia sauti unaitwa Mother Love, yaani mapenzi ya mama. Hakuumaliza. Ubeti wa mwisho uliimbwa na mpiga gitaa wao, Brian May, kwa sababu mwenyewe hakurudi tena studio. Umo kwenye albamu ya Made in Heaven, iliyotoka 1995.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI. Kesho yake akafariki, miaka 45. Pesa alikuwa nazo, madaktari wazuri alikuwa nao. Alichokosa ni miaka mitano tu, maana mwaka 1996 ndipo matibabu ya kuchanganya dawa tatu yalipoanza kuwarudisha watu kitandani wakiwa hai. Mimi simlaumu kwa kukaa kimya. Magazeti yalikuwa yanamwinda mlangoni kwake. Nasema tu kwamba kimya kile hakikuwa cha kwake peke yake. Huku kwetu kilikuwa kikubwa zaidi.

SEHEMU YA 3: Mwisho mwingine wa ziwa letu

Sasa turudi ziwani. Watu wa Kigoma tunaijua MV Liemba. Meli ya Mjerumani ile, ilizamishwa wakati wa Vita ya Kwanza, ikaibuliwa, ikaanza kazi upya mwaka 1927. Kwa miongo mingi imepeleka watu na mizigo kusini hadi Mpulungu, Zambia. Mama zetu waliijua Zambia kwa biashara. Wachache wanajua kwamba miaka ile ile ya sabini, huko Zambia kulikuwa na rock ya moto kuliko karibu popote Afrika. Siku hizi wanaiita Zamrock.

Ilitokeaje? Zambia ilipata uhuru 1964, shaba ikawa na bei, na kwenye miji ya migodi vijana walikuwa na mishahara na redio. Walisikiliza rekodi za Uingereza na Marekani. Rais Kaunda naye akaagiza redio ipige zaidi muziki wa nyumbani. Vijana wakachukua magitaa ya umeme na kuingiza midundo yao na lugha zao.

Bendi kubwa ilikuwa WITCH. Neno hilo kwa Kiingereza ni mchawi, lakini wenyewe walisema ni vifupisho vya maneno yanayomaanisha "tunakusudia kuleta vurugu". Vurugu za jukwaani, msiogope! Mwimbaji wao ni Emanyeo Chanda, maarufu Jagari, jina lililotokana na Jagger yule wa Rolling Stones, likavalishwa sauti ya Kiafrika. Albamu yao ya kwanza, Introduction, waliiuza wenyewe kwenye maonyesho. Ukiisikia leo ni mbichi, kama imerekodiwa kwenye chumba cha bati, na mimi naipendea hapo hapo. Lakini albamu yao bora, kwangu mimi, ni Lazy Bones!! ya 1975. Gitaa linalia kama mtoto anayeota meno, halafu ngoma inakuja taratibu kumbembeleza. Hakuna haraka, hakuna kujionyesha.

Mwaka huo huo bendi ya Amanaz ilitoa Africa. Hiyo muweke usiku watoto wakishalala, ina huzuni tulivu. Ngozi Family ya Paul Ngozi, na Day of Judgement ya 1976, ni kinyume chake: ngumu, ya kukwaruza, ukipiga asubuhi hakuna atakayechelewa shule.

Na sisi tulikuwa na ya kwetu. Sunburst ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, vijana wa Tanzania wakichanganyika na wenzao wa kutoka nje ya nchi. Albamu yao ni moja tu, Ave Africa ya 1976, waliyoirekodi walipokuwa Zambia. Ina rock, ina soul, ina ngoma za kwetu. Inaniuma kwamba albamu kama ile ilisahaulika nyumbani mpaka ikatolewa upya Ulaya mwaka 2016.

Kwa nini Zamrock ilikufa? Hapa lazima tuwe wakweli. UKIMWI haukuiua peke yake. Katikati ya miaka ya sabini bei ya shaba ilianguka, watu wakaishiwa hela ya kununua santuri na kwenda dansini. Vita ya ukombozi jirani ilileta amri za kutotembea usiku. Kaseti za kunakili zikawanyima wanamuziki kipato, na disko ikawavuta vijana. Hizo zote zilipunguza kazi.

Lakini bendi iliyokosa kazi inaweza kukutana tena baada ya miaka kumi. Wanaume wa kwenye kaburi hawakutani. Miaka ya themanini na tisini WITCH walizikana, wengi wao kwa UKIMWI. Katika wale wa kikosi cha kwanza, amebaki Jagari peke yake. Alikuwa ameacha bendi, akafundisha muziki, baadaye akawa anachimba vito. Wazungu walipozigundua zile rekodi na kuanza kumtafuta, aliyepatikana ni mmoja. Alirudi jukwaani na wanamuziki wengine, na mwaka 2023 WITCH ikatoa albamu mpya, Zango. Ni nzuri, ina furaha. Ila kila nikiisikiliza nahesabu viti vilivyo wazi.

SEHEMU YA 4: Ugonjwa wa majina mengi, na waliotaja jina

Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinatoka Uganda. Waganda wao walisema Slim, kwa sababu ya kukonda. Baadaye mitaani tukapata majina mengine, na naomba muyasikilize vizuri. Tukasema fulani ana ngoma. Fulani amekanyaga waya. Fulani ana umeme.

Ngoma, waya, umeme. Si ndio vyombo vya bendi hivyo? Kila kitu kilichowapa wale vijana raha, sisi tukakigeuza kuwa jina la kunong'onea msibani. Kwenye msiba wenyewe tukasema "malaria", "kifua", "amerogwa". Mjane akabaki hajui, mtoto mchanga akabaki hajapimwa, na baada ya mwaka au miwili kunakuwa na msiba mwingine nyumba ile ile.

Ila kuna wanamuziki waliokataa kunong'ona. Hawa sio wa rock, ni sawa, lakini kwa ujasiri hakuna mpiga metal anayewafikia.

Ng'ambo ya ziwa, Kongo, Franco alitoa Attention na SIDA mwaka 1987. Ni wimbo mrefu, zaidi ya robo saa, na anaongea kama baba mwenye nyumba aliyeamka usiku kugonga kila mlango. Mwanzoni unaweza kuuona kama hotuba. Sikiliza mpaka gitaa linapoanza kuzunguka, utaelewa kwa nini watu waliuweka tena na tena.

Uganda, Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyekuwa anaishi Sweden, alisimama hadharani mwaka 1989 akasema ana UKIMWI. Alikuwa mtu maarufu wa kwanza wa nchi yake kufanya hivyo. Wapo waliomwita mwongo, wakasema anatafuta kuuza rekodi. Akazunguka mashuleni na makanisani na mwili wake ukiisha. Alifariki Desemba ya mwaka huo huo, ana miaka 38. Wimbo wake kuhusu upweke wa mgonjwa ndio ninaoupa nafasi ya kwanza kuliko nyimbo zote za afya nilizowahi kusikia. Hauna takwimu, hauna vitisho. Una mtu tu.

Na hapa nyumbani, Dokta Remmy Ongala. Mzaliwa wa Kindu, Kongo, alikuja Dar mwaka 1978. Sisi wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa maana ya mtu wa ng'ambo kuwa mtu wa kwetu. Na kamba ya rock inamfikia pia: Songs for the Poor Man ya 1989 na Mambo ya 1992 zilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, aliyewahi kuwa mwimbaji wa bendi ya rock ya Genesis. Kati ya hizo mbili mimi nachukua ya kwanza. Ile ya 1992 imepigwa pasi sana, imelainishwa kwa ajili ya masikio ya ugenini. Songs for the Poor Man bado ina vumbi la Sinza.

Lakini wimbo wake wa kuzungumzia leo ni Mambo kwa Soksi. Soksi hapo ni kondomu, kila mtu alielewa. Radio Tanzania haikuupiga, ulionekana unavunja maadili. Watu waliutafuta kwenye kaseti na kumbini. Sasa niulize kama nesi: kipi kilivunja maadili zaidi, wimbo unaotaja soksi, au mazishi ya vijana wa miaka 25 ambayo hakuna aliyethubutu kusema chanzo chake?

SEHEMU YA 5: Nyumbani kwako

Hebu tupange miaka. Lutaaya 1989. Freddie 1991. Dawa mchanganyiko 1996. Tanzania kuanza kutoa ARV bure, 2004. Katikati ya Lutaaya na dawa ya bure hapa kwetu kuna miaka 15. Wale watu walikuwa na sauti, lakini dawa haikuwepo. Sisi dawa ipo, bure, kila siku. Kinachokosekana sasa ni sauti.

Namaanisha hivi. Mama mjamzito mwenye VVU asipopata matibabu, uwezekano wa kumwambukiza mtoto wakati wa mimba, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Akitumia dawa vizuri, unashuka chini ya asilimia 5. Soma tena hiyo namba, mama mwenzangu. Virusi vikifubazwa, mama anazaa, ananyonyesha, analea, anazeeka.

Kwa hiyo:

Nenda kliniki mapema, mimba ikiwa changa, na upime. Ukiambiwa kurudia kipimo baadaye, rudia. Kuwa salama mwezi wa tatu sio kuwa salama mwezi wa nane.

Njoo na baba wa mtoto. Baba, kusubiri nje chini ya mwembe sio kumsindikiza mkeo. Ingia ndani.

Ukianzishwa dawa, meza kila siku saa ile ile, hata ukijisikia mzima. Usiifiche kwenye debe la unga mpaka ukaisahau. Tafuta mtu mmoja wa kukukumbusha.

Mtoto mchanga apewe dawa yake ya maji kama ulivyoelekezwa, na wiki ya sita aletwe kupimwa. Usimpe mapumziko kwa sababu "anaonekana mnene". Unene sio kipimo.

Na kwa wenye vijana: zungumza nao. Ukiona aibu kuanza, muulize anasikiliza nini kwenye simu. Akikuambia Queen, mwambie yule baba alizaliwa Unguja, na mwambie alikufa na nini. Akikuambia Zamrock, mwambie habari za Jagari na wenzake. Usiseme "ana ngoma". Sema VVU. Neno hilo halijawahi kumwambukiza mtu.

Narudi kwa yule mama anayesema rock ni ya shetani. Mimi naamini kila muziki unaweza kumpoteza mtoto au kumlea, inategemea nani amekaa naye wakati anausikiliza. Kaa naye. Hata nyimbo mbili tu. Utaona kelele zile zina mpangilio kuliko ulivyodhani, na utapata nafasi ya kusema lile ambalo wazazi wa vijana wa WITCH hawakupata nafasi ya kulisema.

Wanaotaka kuanza, mpangilio wangu ni huu: Lazy Bones!! wakati wa kufua, Ave Africa wakati wa kupika, Africa ya Amanaz watoto wakilala, Songs for the Poor Man Jumapili mchana, na Innuendo siku unapotaka kukumbuka kwamba mgonjwa bado ni mtu mwenye kazi ya kumaliza.

Haya, zamu yenu. Nyumbani kwenu enzi za kaseti ilikuwa inapigwa bendi gani? Na kama una swali la dawa au kipimo ambalo huwezi kuliandika hadharani, usikae nalo. Nenda kamuulize nesi wa kituo cha karibu nawe, ndiyo kazi yake.